Mama Alikosa Nini?

Leo tunazungumza juu ya usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtoto mwenye nayo huweza kuchelewa kuongea au kuongea kwa namna yake mwenyewe, huitwa jina asigeuke, hupanga vitu vyake kwa mstari ule ule kila siku, na hukerwa mno na kelele au mguso ambao mwingine hata haujali. Usonji ni bahari, na muda wetu ni kikombe. Kwa hiyo nimechagua swali moja tu, lile linaloulizwa kwa sauti ya chini kila mtoto wa namna hiyo anapoonekana mtaani, na mara nyingi linaulizwa mama mwenyewe akiwa hatua tatu tu kutoka hapo. Mama yake alikosa nini?

Lisikilizeni tena swali hilo, maana Kiswahili chetu kimetia ndani yake maswali mawili. Mtu akisema "nimekosa, nisamehe", anakiri kosa. Mtu akisema "nimekosa nauli", hajakiri kosa lolote. Anakwambia kuna kitu alikihitaji na hakukipata. Neno ni lile lile. Tunapouliza mama wa mtoto mwenye usonji alikosa nini, wengi wetu huwa tunauliza kwa maana ya kwanza: alifanya kosa gani akiwa mjamzito, alikula nini, alimeza dawa gani, alimtukana nani, alipita wapi usiku. Hoja yangu ya leo ni hii, na nitairudia kila tukifika kituoni: ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne, pale unapomgusa mama na mimba yake, unajibu swali kwa maana ya pili. Unatuonyesha vitu ambavyo mama alipaswa kupewa na hakupewa. Na sehemu kubwa iliyobaki ya usonji haimhusu mama kwa namna yoyote ya kulaumika.

Tuanze na historia, kwa ufupi. Msidhani kwamba lawama hii ni ya waganga na wapiga ramli peke yao. Mwaka 1943, huko Baltimore nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, Leo Kanner, aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza, na maandishi hayo ndiyo yaliyoupa usonji nafasi yake katika elimu ya tiba. Kanner aliona kwamba watoto hao walikuwa na hali hiyo tangu mwanzo wa maisha yao. Ila aliona pia kwamba wengi wa wazazi wao hawakuwa watu wa bashasha, akaliandika na hilo. Likatosha. Miaka iliyofuata wataalamu wakawa wanasema mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama yake ni baridi kama jokofu. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliitolea hoja hiyo kitabu kizima mwaka 1967, na kitabu kikasomwa sana. Hebu fikiri. Mama ana mtoto asiyemtazama usoni. Anakwenda kutafuta msaada kwa msomi mwenye cheti ukutani. Na msomi anamwambia, mtoto hakutazami kwa kuwa humpendi. Je, huyo ana tofauti gani na yule anayemmwagia maji ya kombe na kumwambia alivunja mwiko? Tofauti ni koti jeupe. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikwishaonyesha mwaka 1964 kwamba hoja ya mama baridi haina mguu wa kusimamia, na mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kwamba hawana hatia. Lakini neno likishatoka huwa halirudi kwa urahisi, na akina mama wa kizazi kile waliishi nalo.

Kilichofuata ni utafiti wa mapacha. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha habari za jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, ambamo angalau mmoja wa kila jozi alikuwa na usonji. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, wale wanaotoka katika yai moja, kulikuwa na jozi nne ambazo wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Sasa tufikiri pamoja. Mapacha wote, wafanane wasifanane, hulala tumbo moja kwa wakati mmoja. Mama akila, wamekula wote; akiugua, wameugua wote; akihuzunika, wamehuzunika wote. Kama tumbo ndilo lingekuwa chanzo kikuu, jozi zote zingelingana. Hazikulingana, na kilichozitofautisha ni vinasaba, ile mbegu ya urithi tunayoibeba kutoka kwa wazazi. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini miaka 42 baadaye, mwaka 2019, watafiti walipochunguza watoto wapatao milioni mbili katika nchi tano, walikadiria kwamba kama asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inatokana na urithi.

Najua kuna msikilizaji ameshaipokea habari hiyo kwa mkono wa kushoto. Anasema, aha, nilijua, ni ukoo wa mwanamke! Pole pole, bwana. Urithi una milango miwili, na mlango wa baba uko wazi sawa na wa mama. Tena mwaka 2012 wanasayansi wa Iceland walihesabu mabadiliko mapya ya vinasaba ambayo hayakuwa kwa mzazi yeyote bali hutokea wakati wa kutengenezwa mbegu, wakakuta kwamba yanaongezeka kadiri umri wa baba unavyoongezeka, takriban mabadiliko mawili kwa kila mwaka. Sisemi hivi ili tumhamishie baba lawama. Nasema ili anayetaka kumshitaki mkewe kwa ushahidi wa vinasaba ajue kwamba shahidi huyo atamtaja na yeye.

Basi tukishasema urithi unabeba sehemu kubwa, je, mimba imebaki na nini? Imebaki na kitu, wasikilizaji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kuna ugonjwa unaitwa rubela. Kwa anayeupata ni ugonjwa mwepesi: homa kidogo, vipele, siku tatu nne umekwisha, na watu wengi huudhania surua. Lakini ukimpata mama katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, virusi vyake huvuka kondo la nyuma na kumkuta mtoto wakati viungo ndiyo kwanza vinaumbwa. Mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, au uziwi, au kasoro ya moyo, au vyote pamoja. Aliyeliona hilo kwanza ni daktari wa macho wa Sydney, Australia, aitwaye Norman Gregg, mwaka 1941. Inasimuliwa kwamba fununu aliipata kwa kuwasikia akina mama wakiongea wenyewe kwa wenyewe katika chumba cha kusubiri, kila mmoja akisema aliugua rubela alipokuwa na mimba. Tazama jinsi elimu inavyoweza kuanza: mtu mmoja aliwasikiliza akina mama kwa nia ya kujifunza, si kwa nia ya kuwahukumu.

Kisha mwaka 1964 mlipuko mkubwa wa rubela ukaikumba Marekani, na watoto wapatao 20,000 wakazaliwa na madhara yake. Daktari Stella Chess wa New York aliwafuatilia watoto 243 miongoni mwao, na mwaka 1971 akaripoti kwamba 10 walikuwa na usonji kamili na wengine wanane walikuwa na sehemu ya dalili zake. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba enzi hizo, kwa vigezo vya wakati ule, usonji ulihesabiwa kuwa wa watoto wanne au watano tu katika kila watoto 10,000. Kwa watoto wa rubela ulikuwa mara nyingi zaidi. Haya, sasa niulize lile swali letu. Mama wa New York wa mwaka 1964 alikosa nini? Alikosa chanjo. Haikuwepo, Marekani iliidhinisha chanjo ya rubela mwaka 1969. Na mama wa Dodoma, na mama wa Kisumu? Tanzania iliingiza chanjo ya pamoja ya surua na rubela katika ratiba ya watoto mwaka 2014, na Kenya mwaka 2016. Kutoka 1969 hadi 2014 ni miaka 45. Kwa miaka yote hiyo kinga ilikuwepo duniani, na mama wa huku alikuwa akibeba mimba bila hiyo. Alikosa. Lakini kosa si lake.

Hapa najua nimegusa jipu. Kuna atakayesema, wewe mtu wa redio, si chanjo hizo hizo ndizo zinazoleta usonji? Uvumi huo una tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1998 daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, alichapisha andiko katika jarida la Lancet juu ya watoto 12 tu, akidokeza uhusiano wa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Baadaye ikabainika kwamba habari za watoto wale hazikuelezwa kwa uaminifu. Mwaka 2010 jarida likalifuta andiko hilo na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa Denmark walikuwa wamekwisha kuwalinganisha watoto zaidi ya nusu milioni, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakakuta hakuna tofauti. Na kinachonishangaza mimi ni hiki: chanjo iliyosingiziwa kuleta usonji ndani yake mna kinga ya rubela, mojawapo ya visababishi vichache vya usonji tunavyoweza kuvitaja kwa jina. Mtu anamkimbia mlinzi akidhani ni mwizi, na kwa kufanya hivyo anamwachia mwizi mlango.

Twende kwenye mfano wa pili: kifafa. Nakusudia kifafa cha kawaida, si kifafa cha mimba. Mwanamke mwenye kifafa anahitaji dawa, tena asizikose hata siku moja, kwa sababu degedege linaweza kumuua yeye na mtoto aliye tumboni. Moja ya dawa hizo ni sodiamu valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Epilim. Ni dawa nzuri kwa kifafa. Lakini mwaka 2013 utafiti wa Denmark uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa na mama waliotumia dawa hiyo wakiwa wajawazito, wanne au watano walikuwa na usonji wa aina moja au nyingine. Kwa watoto kwa jumla ilikuwa mmoja au wawili. Naomba isikieni hesabu hiyo kwa pande zote mbili. Upande mmoja, hatari imeongezeka karibu mara tatu, na dawa hiyo huongeza pia hatari ya mgongo wazi na ya mtoto kuwa mzito wa kujifunza. Upande wa pili, watoto zaidi ya 95 katika kila 100 hawakuwa na usonji. Kwa sababu ya ule upande wa kwanza, Uingereza mwaka 2018 iliweka masharti makali kwa dawa hiyo kwa wanawake wanaoweza kushika mimba, na Shirika la Afya Duniani nalo likatoa tahadhari. Zipo dawa nyingine za kifafa zenye hatari ndogo zaidi kwa mtoto. Kwa hiyo mama aliyemeza kidonge chake kila jioni kama alivyoandikiwa, alikosa nini? Alikosa mtu wa kumwambia mapema, kabla ya mimba: tukubadilishie dawa.

Wa tatu ni vile vidonge tunavyoviita vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Mwaka 2013 watafiti wa Norway waliochunguza watoto zaidi ya 85,000 waliripoti kwamba mama waliotumia foliki kuanzia wiki nne kabla ya kushika mimba hadi wiki nane baada ya hapo, watoto wao walipata ule usonji mzito kwa kiasi cha mmoja katika kila 1,000. Kwa mama wasioitumia, ni wawili katika kila 1,000. Mwenye akili atauliza, je, si kwamba wanaomeza vidonge ni wasomi wenye nafasi, wanaojitunza kwa kila kitu, na hiyo ndiyo siri? Swali zuri sana. Watafiti wenyewe walijiuliza. Wakawatazama mama waliotumia mafuta ya samaki, ambao nao walikuwa watu wa namna ile ile, wenye elimu na wenye kujitunza. Mafuta ya samaki hayakuonyesha uhusiano wowote na usonji. Hilo haliifanyi foliki kuwa kinga iliyothibitishwa, maana tafiti za namna hii zinaonyesha dalili tu, lakini linaipa hoja uzito.

Sasa tazameni mahali shida inapolala. Foliki ina kazi kubwa mwanzoni kabisa. Ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi za kwanza, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Sisi huku, mama wengi hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne, mitano, na ndipo wanapopewa vidonge. Vinasaidia damu, vimezeni, lakini kwa ule mrija treni imeshaondoka. Kwa sababu hiyo serikali zetu ziliamuru foliki itiwe kwenye unga wa viwandani, Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012, ili imfikie mwanamke hata kabla hajajua kama ana mimba. Lengo kuu lilikuwa mgongo wazi, na hata kama usonji usingetajwa kabisa, sababu hiyo peke yake inatosha. Ila unga unaosagwa kwenye mashine ya mtaani haupitii kiwandani, na wengi wetu ndio tunaoula. Mara nyingine tena: alikosa nini? Alikosa kidonge katika mwezi uliokuwa na maana.

Nimetaja matatu ambayo ushahidi wake una uzito. Huko nje kuna orodha ndefu ya mambo yanayosemwa: kisukari cha mimba, presha, unene, huzuni, homa, na kadhalika. Baadhi, kama kisukari na presha, yameonyesha uhusiano mdogo katika tafiti kadhaa, na yanastahili kutibiwa kwa sababu zake yenyewe. Lakini nataka tujifunze kusikiliza neno "uhusiano" kwa makini. Wakati wa masika, mtaa ukijaa miamvuli, unajaa na matope. Siku za miamvuli mingi ndizo siku za matope mengi. Uhusiano upo, hakuna anayebisha. Je, mwamvuli ndio unaoleta tope? Mvua ndiyo inayoleta vyote viwili. Sasa mama akiwa na huzuni nzito wakati wa mimba, na mtoto wake baadaye akaonekana kuwa na usonji, huenda huzuni ni mwamvuli tu, na mvua ni urithi wa familia unaojitokeza kwa mama kwa sura hii na kwa mtoto kwa sura ile. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Denmark uliowachunguza watoto zaidi ya milioni moja na magonjwa zaidi ya 200 ya mama wakati wa mimba. Magonjwa kama 30 yalionekana kuhusiana na usonji. Watafiti walipolinganisha watoto wa tumbo moja, na walipotazama magonjwa ya akina baba pia, karibu uhusiano wote ulielezeka kwa mambo ya kifamilia. Magonjwa kadhaa yalipokuwa kwa baba, nayo yalikwenda pamoja na usonji wa mtoto, na baba hakubeba mimba! Yaliyosalia yalikuwa matatizo ya mtoto mwenyewe tumboni, ambayo huenda ni dalili za mapema za hali yake na si chanzo chake.

Mfano wa mwamvuli ndio utakaotusaidia pia kwa habari ya parasetamoli, Panadol yetu hii. Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliwaambia wajawazito waiepuke, akiihusisha na usonji, na siku chache baadaye simu za Afrika Mashariki zikawa zimejaa ujumbe huo. Shirika la Afya Duniani lilijibu ndani ya siku mbili kwamba hakuna ushahidi wa kukata shauri. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti nchini Uswidi walikuwa wameshachapisha uchunguzi wa watoto karibu milioni mbili na nusu. Walipowalinganisha kijuujuu, waliona ongezeko dogo sana kwa watoto ambao mama zao walitumia dawa hiyo. Walipowalinganisha ndugu wa tumbo moja, mimba hii mama alitumia, mimba ile hakutumia, ongezeko likatoweka. Na kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu homa ya mjamzito huku kwetu inaweza kuwa malaria. Mama anayeogopa kidonge akalala na homa siku tatu ndani ya nyumba ndiye aliye hatarini. Malaria hujibanza katika kondo la nyuma, humpunguza mtoto uzito, humfanya azaliwe kabla ya siku. Na watoto njiti, kwa tafiti nyingi, wana usonji kwa kiwango kikubwa kuliko waliotimiza miezi. Kwa hiyo homa ipelekwe ikapimwe, na chandarua na dawa za SP za kuzuia malaria zinazotolewa kliniki zisiachwe.

Nimalizie na wale wanaosema, bibi zetu hawakujua foliki wala rubela, na usonji haukuwepo. Ulikuwepo, jina ndilo halikuwepo. Mtoto aliitwa bubu, aliitwa zezeta, alisemwa ana shetani, akafungiwa chumba cha uani wageni wakija. Watafiti walipowahoji wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, miongoni mwa sababu zilizotajwa ni pepo, uchawi na laana, sambamba na maradhi, matatizo ya uzazi na urithi. Na Tanzania, mwaka 2006 lilichapishwa andiko juu ya watoto 20, ambao 14 kati yao walikidhi vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wakikua vizuri hadi walipopata malaria kali, na walipopona wakaonekana na usonji. Watoto 14 ni wachache mno kujengea sheria, lakini wanatukumbusha kwamba maradhi yaliyopungua Ulaya yanaweza kuwa na mkono mrefu zaidi huku. Mwingine ananiuliza, kwa nini basi uongee haya, huoni unawatia wajawazito hofu? Ningenyamaza kama kimya kingekuwa kitupu. Kimya chetu kina wapangaji tayari, nao ni ramli na masengenyo. Na wapo watu wazima wenye usonji wanaouliza kama kutafuta visababishi ni kutamani wao wasingezaliwa. Wana haki ya kuuliza. Mimi nawajibu kwamba chanjo inayomkinga mtoto na upofu na kasoro ya moyo haimpunguzii mtu yeyote thamani yake, na aliyekwisha kuzaliwa anadai shule na hospitali kama mwingine yeyote.

Basi nina maombi mawili. La kwanza ni kwako dada mwenye kifafa ambaye unapanga kupata mtoto, au unaona uwezekano huo upo. Tafadhali usiitupe dawa yako kwa sababu ya mazungumzo haya. Kuiacha ghafla ni hatari kubwa. Chukua kopo au pakiti yake, nenda nayo kliniki, muulize daktari kwa maneno haya haya: hii ni valproeti? Kama ndiyo, kuna nyingine inayonifaa? Na uombe foliki siku hiyo hiyo, usingoje mimba. La pili ni kwenu mashangazi, mawifi, mama wakwe na majirani. Wiki hii mkimtembelea mama mwenye mtoto wa usonji, lile swali liacheni mlangoni. Muulizeni nani anamshikia mtoto anapokwenda sokoni, kisha mmoja wenu ajitolee.